Kumsaka askari wa Dublin kati ya mioto miwili

Nishani ya fedha ambayo Uingereza iliwapa askari wake baada ya Vita Kuu ya Kwanza ina kichwa cha Mfalme George wa Tano upande mmoja, na upande wa pili mpanda farasi aliye uchi akikanyaga ngao ya adui. Mtafiti hana haja na picha hizo. Anaishika nishani kwa ncha za vidole kama muuza duka anayeshuku sarafu, anasogea dirishani na kusoma ukingo wake. Pale, kwa herufi ndogo zilizogongwa kwa mashine, kuna namba, cheo, jina na kifupisho cha rejimenti. Familia nyingi za Dublin hazikubakiwa na kitu kingine cha babu yao aliyepigana. Nyingine hata hicho hazina, kwa sababu nishani iliwekwa rehani mwaka wa njaa na haikukombolewa.

Rejimenti ninayoizungumzia ni Royal Dublin Fusiliers, askari wa miguu wa mji mkuu wa Ireland na wilaya za jirani. Iliundwa mwaka 1881, ingawa asili yake ni ya zamani zaidi na haikuanzia Ireland. Uingereza ilipopanga upya jeshi lake mwaka huo, ilichukua rejimenti mbili za Wazungu zilizokuwa za Kampuni ya East India, moja ya Madras na nyingine ya Bombay, ikaziunganisha na kuzipa Dublin, Kildare, Wicklow na Carlow ziwe eneo la kuandikishia vijana. Kambi ya makao ikawekwa Naas. Ndiyo maana batalioni ya kwanza iliitwa "Kofia za Bluu", jina ililopewa India katika uasi wa 1857, na ya pili ikajulikana kama "Wagumu wa Zamani". Mwaka 1922, sehemu kubwa ya Ireland ilipojitawala, rejimenti ilivunjwa. Iliishi miaka 41, na katika Vita Kuu ya Kwanza pekee ilizika watu zaidi ya 4,700.

Kuzika, hapo, ni namna ya kusema. Wengi hawakuzikwa popote panapojulikana.

Anayetaka kuwafuatilia watu hawa lazima kwanza ajue habari ya mioto miwili. Tarehe 12 Juni 1922, wajumbe wa rejimenti tano za Ireland ya kusini walipeleka bendera zao katika kasri ya Windsor na kuzikabidhi kwa Mfalme. Siku 18 baadaye, mjini Dublin, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa na siku tatu tu, Ofisi ya Nyaraka za Umma iliyokuwa ndani ya eneo la mahakama za Four Courts ililipuka na kuungua. Vipande vya karatasi za karne saba viliruka angani vikawa vinadondoka mitaani kama majivu ya shamba la miwa lililochomwa. Kumbukumbu za sensa za 1821 hadi 1851 ziliteketea karibu zote. Za 1861 na 1871 serikali ilikuwa imeshaziharibu yenyewe. Za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, karatasi ilipoadimika. Mtu anayetafuta utoto wa askari aliyezaliwa Dublin mwaka 1880 anakuta pengo la ukubwa huo.

Na aliyesimamia mizinga iliyolishambulia jengo hilo ni nani? Emmet Dalton, jenerali wa jeshi la serikali mpya ya Ireland, kijana wa miaka 24. Mizinga yenyewe ilikuwa ya kuazimwa kwa Waingereza. Miaka sita kabla ya hapo Dalton alikuwa luteni wa Royal Dublin Fusiliers, na ushujaa wake huko Ginchy, Ufaransa, Septemba 1916, ulimpatia nishani ya Military Cross. Bado najiuliza kama kuna mwandishi wa riwaya ambaye angethubutu kubuni jambo hilo bila wasomaji kumcheka.

Moto wa pili uliwaka London. Majalada ya askari wa kawaida wa Vita Kuu ya Kwanza yalikuwa yamehifadhiwa katika ghala la Wizara ya Vita, mtaa wa Arnside, Walworth. Septemba 1940 ndege za Ujerumani zililipiga bomu. Kiasi cha asilimia 60 ya majalada yaliteketea. Yaliyopona yako Kew, katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Uingereza, nayo yanaitwa kwa jina lisilo na mapambo: nyaraka zilizoungua. Kingo zake ni nyeusi, na madoa ya maji ya zimamoto yamelowesha wino hata namba ya nyumba ikawa kovu la bluu. Siku hizi huyaoni kwa macho isipokuwa kupitia picha zake.

Kwa hiyo kazi huanza na kinyongo kidogo: kila watano unaowatafuta, watatu hawana jalada. Hapo ndipo ukingo wa nishani unapokuwa na thamani. Namba ile inampeleka mtafiti kwenye kadi ya nishani, kadi ndogo iliyonusurika kwa sababu haikuwa katika ghala lile. Kadi husema nishani gani zilitolewa na, kwa walioondoka kabla ya mwaka 1915 kwisha, siku na uwanja wa vita walioingia kwanza. Tarehe hiyo moja inatosha kumtenganisha aliyeshuka Gallipoli, Uturuki, na aliyepelekwa Ufaransa.

Lakini namba nazo zina hila. Hadi mwaka 1920 kila rejimenti ilihesabu watu wake kivyake, kwa hiyo namba moja ingeweza kuwa ya mtu wa Dublin, mwingine wa Munster na wa tatu wa Connaught. Askari akihamishwa, alipewa nyingine. Majina ni mtihani zaidi: Byrne wa leo aliandikwa Byrnes au Burns na karani wa Kiingereza, O'Neill akapoteza O yake mlangoni, na John Murphy walikuwa wengi kama akina Juma Hamisi wa kwetu. Wapo pia walioandikishwa kwa jina la uongo, wakimkimbia mke, baba au deni.

Sensa ya 1911, moja kati ya mbili kamili zilizobaki za enzi ile, iko wazi kwa yeyote mwenye intaneti, bila malipo, na uzuri wake ni kwamba mara nyingi baba mwenye nyumba aliijaza kwa mkono wake mwenyewe. Unaona mwandiko wa mtu, kazi yake, dini yake, nani nyumbani anajua kusoma, na vyumba viwili walimolala watu tisa. Ila usimtafute humo askari aliyekuwa tayari kambini. Wa kambini waliandikwa kwa herufi za mwanzo za majina tu. P. K., miaka 22, mzaliwa wa Dublin: ndivyo taifa lilivyomhesabu.

Kwa nini walijiunga? Wazungumzaji wa majukwaani wa 1914 walisema ni kwa ajili ya Ubelgiji na uhuru wa mataifa madogo. Wapo walioamini hivyo kwa dhati, na mmoja wao aliilipia imani hiyo kwa uhai wake: Tom Kettle, mshairi, profesa na aliyekuwa mbunge, aliyeuawa Ginchy tarehe 9 Septemba 1916 akiwa na batalioni ya tisa. Wapo wanasheria, makarani wa benki na wacheza raga walioingia pamoja katika kombania D ya batalioni ya saba. Ila tazama anwani za wengine, vichochoro vya Dublin vya vyumba vya kupanga, halafu kumbuka kwamba mwaka 1913 matajiri wa mji huo waliwafungia wafanyakazi milango kwa miezi kadhaa hadi watu wakateseka kwa njaa. Mshahara wa askari ulikuwa shilingi moja kwa siku, na mke alipewa posho yake mkononi. Mimi naona hesabu hiyo inaeleza mengi kuliko hotuba.

Kofia za Bluu waliletwa Gallipoli tarehe 25 Aprili 1915. Wengi wao walivutwa hadi ufukwe wa Sedd el Bahr katika mashua za wazi, huku askari wa Munster wakiwa ndani ya River Clyde, meli ya makaa ya mawe iliyotobolewa milango ubavuni. Waturuki waliwasubiri mpaka mashua zikagusa mchanga. Kasisi wao, padri William Finn, aliuawa siku hiyo akiwafuata watu wake ufukweni. Baada ya siku chache mabaki ya Dublin na mabaki ya Munster yalikuwa machache kiasi cha kuunganishwa kuwa batalioni moja, askari wakaibatiza "Dubsters". Fungua shajara za vita, zile kumbukumbu za kila siku alizoandika afisa wa batalioni, uone jinsi siku kama hizo zinavyosimuliwa: maofisa waliokufa wanatajwa kwa majina, na askari wa kawaida wanatajwa kwa idadi. Mjukuu anayefuatilia babu yake anasoma tarakimu, akijua kwamba moja kati ya hizo ni damu yake.

Sauti zao ziko kwingine. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Ireland ina wosia zipatazo 9,000 za askari wa vita hiyo, nyingi zikiwa ukurasa uliochanwa kutoka kitabu cha mshahara, mistari miwili mitatu ya penseli inayomwachia mama kila kitu. Na katika maktaba ya mji, mtaa wa Pearse, zimo barua walizomwandikia Monica Roberts, msichana wa familia yenye nafasi aliyewatumia askari wa Dublin vifurushi vya soksi na tumbaku. Walimshukuru, wakamweleza baridi, matope, na rafiki aliyeanguka. Ziko katika hifadhi ya chama cha rejimenti kilichoanzishwa mwaka 1996, na kwa maoni yangu ndizo karatasi bora kuliko zote, kwa sababu hakuna karani aliyezigusa.

Jiwe la kaburi nalo si la kuaminiwa kwa macho tu. Huko Poelcapelle, Ubelgiji, kaburi linalotembelewa sana ni la John Condon wa Waterford, askari wa rejimenti jirani ya Royal Irish, aliyekufa 24 Mei 1915 katika mashambulizi ya gesi yaliyoifagia pia batalioni ya pili ya Dublin pale Mouse Trap Farm. Jiwe lasema alikuwa na miaka 14. Watafiti waliofukua kumbukumbu za kuzaliwa wanasema alizaliwa 1896, yaani alikuwa na 18, na wengine wanatilia shaka hata mifupa iliyomo, kwani utambulisho ulitokana na kipande cha kiatu chenye namba na kifupisho R.I.R., herufi ambazo rejimenti mbili za Ireland zingeweza kuzidai. Watu bado wanaacha maua.

Waliorudi walikuta nchi nyingine. Pasaka ya 1916, wakati batalioni za Dublin zikivuta gesi huko Hulluch, Ufaransa, wenzao wa rejimenti ile ile waliokuwa mjini walitumwa kuwazima waasi waliotangaza jamhuri. Mashujaa wa taifa wakawa wale waasi. Tao la mawe la mwaka 1907 kwenye bustani ya St Stephen's Green, lililojengwa kuwakumbuka Fusiliers waliokufa katika vita vya Makaburu, wazalendo waliliita Lango la Wasaliti, na alama za risasi za 1916 bado ziko mwilini mwake. Baba akirudi katika mji wa namna hiyo, nishani huingia kabatini na hadithi hufungwa mdomo. Bustani ya kumbukumbu ya Islandbridge, aliyoichora Edwin Lutyens, ilimalizika kujengwa miaka ya 1930 lakini haikufunguliwa rasmi mpaka 1988. Humo vimehifadhiwa vitabu vinane vya mwaka 1923 vilivyopambwa na msanii Harry Clarke, vyenye majina zaidi ya 49,000. Navyo visomwe kwa tahadhari: wamo Waingereza wengi waliokufa wakiwa tu katika rejimenti za Ireland.

Hata hivyo, jina limo. Tume ile ile ya makaburi ya vita iliyomwekea Mdublin jiwe lenye namba yake ilikiri mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina popote, au hawakukumbukwa kabisa. Wamo wapagazi wa Carrier Corps, waliotuachia neno Kariakoo na si zaidi. Mjukuu wa mpagazi hana ukingo wa kusoma. Kama nyumbani kwenu kuna cheti cha King's African Rifles (KAR), kipande cha karatasi ya mshahara au bangili yenye namba, usikitupe wakati wa kuhama nyumba. Kipige picha, uandike pia jina la mzee anayejua kilikuwa cha nani.

Huko Dublin watafiti walisubiri karatasi moja kwa muda mrefu. Sensa ya kwanza ya Ireland huru ilifanywa usiku wa tarehe 18 Aprili 1926, ikafungiwa kwa sheria ya miaka 100 hadi Aprili 2026. Ilihesabu watu 2,971,992, wakiwemo Fusiliers waliorudi wakiwa hai, kila mmoja na kazi aliyokuwa akiifanya miaka minne baada ya rejimenti yake kuvunjwa.