Deli linalofunguka kwa mguu: kazi si kufungua, ni kufunga

Mko ufukweni, jiko la mkaa limeshakolea. Mkono wako mmoja umeshika kuku mbichi, mwingine umejaa ndimu na pilipili. Nyama iliyobaki iko ndani ya deli la barafu, na deli limefungwa. Utafanyaje? Tuseme ukweli, wengi wetu tunafungua na mikono hiyohiyo. Dakika mbili baadaye anakuja mtoto kuchukua juisi, anashika mfuniko palepale uliposhika wewe, kisha vidole vinaenda mdomoni.

Kuku mbichi mara nyingi hubeba bakteria kama Salmonella na Campylobacter, wale wanaoharisha watu siku moja au chache baada ya sherehe. Kwa hiyo deli ambalo halihitaji kushikwa kwa mkono si urembo. Linakata njia moja ya vimelea kutoka kwenye nyama hadi kwa mlaji. Tena linamsaidia mtu anayetumia mkono mmoja, au mama mwenye mtoto mgongoni na sahani mkononi.

Hebu tulisanifu pamoja, wewe na mimi. Utaona kwamba kufungua ndiyo sehemu rahisi.

Baridi inapotelea wapi?

Kabla ya kutoboa chochote, tujue barafu inaliwa na nini. Chukua deli la lita 25, lenye kuta za povu la poliyurethini unene wa sentimita 3. Nje ni nyuzi 30, ndani nyuzi 5. Ukipiga hesabu, joto linalopenya kwenye kuta ni takriban wati 12.

Kilo moja ya barafu inahitaji kilojuli 334 ili iyeyuke, bila kupanda joto hata kidogo. Hilo ndilo joto fiche, na ndiyo sababu barafu ni mlinzi mzuri hivyo. Wati 12 kwa saa nzima ni kilojuli 43, yaani zinayeyusha kama gramu 130. Kwa pikiniki ya saa 6, kuta peke yake zinakula karibu gramu 780 za barafu.

Sasa fungua mfuniko mara moja, halafu ufunge haraka. Tuseme nusu ya deli ni hewa, lita 12, na yote imebadilishwa na hewa ya nje. Hewa hiyo ina uzito wa gramu 15 tu hivi. Kuipoza kunagharimu chini ya nusu kilojuli. Lakini hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na mvuke ukigeuka maji ndani ya deli unaacha joto lake humo. Hiyo nayo ni karibu nusu kilojuli nyingine. Jumla: gramu 2 hadi 3 za barafu. Basi!

Linganisha na chupa ya nusu lita ya maji uliyoitumbukiza ikiwa na joto la nyuzi 30. Kuishusha hadi nyuzi 5 kunakula gramu 150 hivi. Chupa moja ya moto ni sawa na kufungua deli mara 50 au 60. Kwa hiyo ule ugomvi wa "acheni kufungua-fungua!" umeelekezwa pasipo. Wa kugombezwa ni yule aliyeleta soda za moto.

Ila kuna sharti: ufunge haraka. Mfuniko ukiachwa wazi saa sita mchana, jua linaingia moja kwa moja. Mdomo wa deli letu una eneo la mita za mraba 0.1, na jua kali la utosini linaleta karibu wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Hizo ni wati 100. Hata tukisema theluthi moja inaakisiwa na kurudi nje, dakika 10 za usahaulifu zinayeyusha gramu 120. Upepo na mvuke bado hatujauhesabu.

Umeona tunakoelekea? Kifaa cha kufungua bila mikono kina thamani kwa baridi pale tu kinapojifunga chenyewe. Mtu mwenye mikono michafu akishafungua kwa mguu, hatakumbuka kurudi kufunga.

Kanyagio: nyenzo mbili za shule ya msingi

Mhandisi na mwanasaikolojia wa Marekani, Lillian Gilbreth (1878–1972), aliyetumia maisha yake kuchunguza mijongeo ya watu kazini na jikoni, hutajwa kuwa ndiye aliyebuni pipa la taka la kukanyaga. Wazo hilo ndilo tunaloazima.

Unakumbuka egemeo, jitihada na mzigo? Kanyagio ni wenzo wa daraja la kwanza: mguu unashuka upande mmoja, egemeo liko katikati, upande wa pili unapanda na kusukuma fimbo juu. Fimbo inasukuma mfuniko karibu kabisa na bawaba. Mfuniko nao ni wenzo wa daraja la tatu: bawaba ndiyo egemeo, jitihada iko karibu nayo, uzito wa mfuniko uko mbali zaidi. Daraja la tatu halikupunguzii nguvu. Linakupa mwendo, na mwendo ndio tunaoutaka: mguu ushuke sentimita 4, ukingo wa mfuniko upande karibu sentimita 30.

Je, mguu utaweza? Mfuniko wa kilo 1, kitovu cha uzito kikiwa sentimita 15 kutoka bawabani, ukifunguka hadi nyuzi 70 za pembe unahitaji kazi ya juli 1.4. Gawanya kwa sentimita 4 za mguu, unapata wastani wa nyutoni 35, sawa na uzito wa kilo tatu na nusu. Mwanzoni itakuwa zaidi kidogo, kama kilo 4 na nusu. Mtoto wa darasa la pili anaweza.

Kwa nini nyuzi 70 na si 100? Mfuniko ukipita wima, uzito wake unauangusha nyuma na unabaki wazi. Ukiishia 70, uzito huohuo unaurudisha. Ondoa mguu, deli limejifunga. Hakuna betri wala springi, ni mvutano wa dunia tu. Ongeza kipande cha mpira laini kwenye ukingo ili usibamize vidole.

Kihisi cha umeme kama cha mapipa ya kisasa kinavutia, lakini fikiria mchanga, chumvi ya bahari na kila mtoto anayepita mbele yake.

Pale ambapo pipa la taka na deli vinaachana

Pipa la taka linakaa sakafuni jikoni. Deli linakaa mchangani, na uzito wake unabadilika siku nzima. Asubuhi lina kilo 15, halisogei. Jioni limebaki tupu, kilo 3. Ukikanyaga kwa nguvu kanyagio lililochomoza mbele, deli tupu linakuinamia.

Dawa yake ni kurefusha bamba la chini ya deli lipite chini ya kanyagio. Mguu ukifika mwisho unalikandamiza bamba, kwa hiyo uzito wako mwenyewe unalishikilia deli chini badala ya kulipindua. Bamba pana pia halizami mchangani. Wakati wa kubeba, kanyagio likunjwe na komeo la kawaida lifungwe, la sivyo kila hatua utakayopiga itafungua mfuniko.

Mtego wa pili hauonekani: misumari na skrubu. Chuma hupitisha joto karibu mara 2,000 zaidi ya povu la poliyurethini. Bolti moja ya milimita 6 iliyopenya ukuta mzima inaweza kupitisha hadi wati 1. Funga kanyagio kwa bolti nne namna hiyo na umeongeza wati 4 juu ya zile 12, yaani theluthi nzima, saa zote, deli likiwa wazi au limefungwa. Umejenga kifaa cha kuokoa barafu kinachoila. Kwa hiyo fimbo ipite nje, na kila kitu kishikwe kwenye ganda la nje tu, bila kugusa upande wa ndani.

Somo kutoka kliniki ya chanjo

Kuna watu ambao kufungua na kufunga ndiyo kazi yao ya siku nzima: wauguzi wa chanjo. Ukienda kliniki ya watoto, angalia kikasha cha kubebea chanjo. Chini ya mfuniko kuna sponji iliyochanwa mikato midogo. Muuguzi huchomeka vichupa anavyotumia kwenye mikato hiyo, na sponji inaziba zilizobaki chini hata mfuniko ukiwa wazi.

Tunaiga. Weka kipande cha sponji kwenye mdomo wa deli, ukifunike kwa nailoni inayofutika, na ukate mpasuko mmoja. Jua halifiki chini, hewa haichanganyiki ovyo. Angalizo tu: mkono mchafu ukigusa sponji, tumerudi tulikotoka. Ndani ya deli itumike koleo, na kuku mbichi awe kwenye deli lake, mbali na juisi. Kanyagio halitakuokoa kama vyote viko pamoja. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kinachoharibika kikae chini ya nyuzi 5, na kisikae zaidi ya saa 2 kwenye joto la kawaida.

Pima deli lako leo

Huna haja ya kununua chochote kuanza. Bana karatasi kati ya mfuniko na mdomo wa deli, funga, kisha ivute. Ikitoka kirahisi, hapo hewa inavuja. Zunguka pande zote nne.

Halafu weka kilo 1 ya barafu ndani, funga saa 3, mwaga maji kwenye kikombe cha kipimo. Siku nyingine rudia, mahali palepale na muda uleule, ukifungua na kufunga haraka kila dakika 10. Tofauti ya maji ndiyo gharama ya kufungua kwako. Ikiwa ni ndogo kuliko maji ya siku ya kwanza, basi kabla ya kutengeneza kanyagio, anza na kuta na mfuniko. Mifuniko mingi ya bei nafuu haina povu kabisa ndani: igonge, ukisikia uwazi, umempata mla barafu wako.