Mu kisanduku cha gitare muko shaba yetu

Ilikuwa kwa kilio, hapa Shituru, karibu saa ine ya usiku. Vijana walikuwa wanapiga gitare kwa heshima ya marehemu, wa mama wanaimba, na mara moja gitare ikanyamaza. Kijana akakanyaga kile kisanduku kidogo kilichokuwa ku miguu yake, mara moja, mara mbili, mara tatu. Kimya. Akatosha kamba, akaingiza gitare moja kwa moja mu ampli. Wimbo ukaendelea, lakini sauti ilikuwa kavu sawa mukate wa juzi.

Kesho yake alikuja kutuona, sisi wa sendika. Alitaka tumukopeshe feza ya kununua kisanduku kingine. Tukamwambia kama kasa yetu ni ya magonjwa na vilio. Akajibu bila kasirani: "Basi, nitaenda kuchimba na wenzangu. Miezi miwili tu, nipate ile feza." Mama yake alikuwa amemufuata nyuma. Akatuambia: "Ba papa, baba yake alitoka mu kazi na miguu yake miwili. Huyu, musimuache aende mu yale mashimo."

Sisi tunajua yale mashimo. Tumebeba watu kutoka mule. Njo maana tulimwomba yule kijana atupatie siku mbili.

Mu kampe yetu kuko muzee mumoja, fundi wa kuranti. Alitengeneza mamotere mu usine miaka mingi, na sasa anakaa chini ya muembe na radiyo yake. Tulimupelekea kile kisanduku. Akatosha visu vine na turnevisi, akaangalia ndani, akacheka. Kamba moja ya batiri ilikuwa imekatika. Akapasha fero ya kusude, akatia tone moja tu, akafunga. Kijana akakanyaga, gitare ikaimba. Bei ya kazi: sigara moja, na tena muzee aliiweka tu ku sikio.

Kijana akauliza: "Papa, ulijua wapi hii mashini?" Muzee akajibu: "Mwanangu, sijawahi kuiona. Lakini hii ni kuranti tu, na mimi kuranti tunafahamiana."

Siku ile tulifikiri sana, na tunataka tufikiri pamoja na ninyi wasomaji, kwa sababu mu kile kisanduku muko mambo yetu mingi.

Kisanduku hiki kinafanya nini

Kinaitwa pedali. Gitare ya kuranti iko na sumaku chini ya nyuzi, na kuzunguka ile sumaku kuko waya ya shaba nyembamba kupita unywele, iliyozungushwa mara elfu na elfu. Uzi ukitetemeka, kuranti ndogo sana inazaliwa mu ile waya. Pedali inapokea hii kuranti ndogo mbele ifike mu ampli, na inaigeuza: inaifanya ikwaruze, ao irudie sawa mulio mu bonde, ao izunguke.

Ile ya kijana wetu ni ya kuzungusha. Wanaiita faza. Ukisikia gitare inayopita sawa upepo mu majani, inakuja, inaenda, inakuja, jua kama ni yeye.

Namna inatumika si uchawi. Chukua watu wawili wanasukuma wagone. Wakisukuma wote upande mumoja, wagone inakimbia. Mumoja akisukuma huku na mwenzake kule, kwa nguvu sawasawa, wagone haitembee. Faza inakata sauti yako mara mbili. Nusu moja inapita wazi. Nusu ingine inapitishwa mu milango kadhaa inayoichelewesha kidogo, na kila sauti, nene ao nyembamba, inachelewa kwa kipimo chake. Kisha zote mbili zinakutana. Fasi zinasukumana huku na kule, sauti inazimika. Fasi zinasaidiana, inapanda. Na kuko kipande kingine ndani kinachosogeza zile fasi polepole, juu na chini, bila kuchoka. Njo ule upepo unaousikia.

Ya zamani inayojulikana sana ni Uni-Vibe, iliyotengenezwa na Mujapani Fumio Mieda mu miaka ya 1960. Ndani yake kuko taa ndogo inayowaka na kufifia, na kuizunguka kuko vipande vine vinavyosikia mwangaza. Ni ile taa inayosogeza sauti. Jimi Hendrix aliitumia mu 1969 kwa ile feti kubwa ya Woodstock, kule Marekani. Mu 1971 Tom Oberheim alitengeneza faza ya Maestro, yenye milango sita. Mu 1974 ikatoka Phase 90 ya MXR, milango mine na butoni moja tu ya kugeuza. Mupaka leo mafundi mingi wanaiiga.

Lakini kuko zingine ambazo vijana wetu hawataje. Kuko Small Stone ya Electro-Harmonix, kazi ya David Cockerell: butoni moja na kifungo kimoja kidogo kinachobadilisha rangi ya sauti. Kuko Mu-Tron Bi-Phase, ni kusema faza mbili mu sanduku moja kubwa. Lee Perry wa Jamaika aliipitishia nyimbo zake mingi za rege. Usiangalie jina kubwa. Angalia milango ni mingapi, na nani anaigeuza.

Shimo gani ilitoa nini

Muzee alitandika gazeti chini ya muembe na akatuonyesha kipande kwa kipande.

Waya na zile njia ndogo za kuranti: shaba. Usine yetu ya Shituru inasafisha shaba kwa kuranti tangu 1929. Wa nkambo zetu walitumika mule, wa baba zetu walitumika mule.

Sumaku ya gitare: zile nzuri za zamani zinaitwa alniko, aluminium, nikeli na kobalti. Kobalti, tunaijua. Wakati vita viliingia Kolwezi mu Mai 1978, bei ya kobalti ilipanda mu dunia nzima, na watengenezaji wa maspika wakaanza kuacha alniko na kuchukua sumaku za ferite. Ni kusema, wakati watu wa Kolwezi wanalia, hata sauti ya miziki ya Ulaya na Marekani ilibadilika.

Tone la kusude: bati na risasi. Bati, uliza watu wa Manono.

Na transista za zamani, zile za kwanza kabisa, zilikuwa za germanium. Hapo muzee alinyamaza kidogo. Mu miaka ya 1950 mugodi wa Kipushi, karibu na Lubumbashi, ulikuwa kati ya mashimo machache ya dunia yaliyotoa germanium. Kuko hata jiwe lenye germanium, renierite, ambalo wenye elimu walilijua kwanza kutoka Kipushi. Hata leo haijaisha: mu 2024 STL, mutoto wa Gécamines, ilianza kutuma konsantre ya germanium kwa Umicore, kule Ubelgiji.

Hakuna mutu anaweza kufuata jiwe moja toka shimo mupaka ku duka. Lakini hesabu tunaweza kuifanya. Jiwe linatoka kwetu kwa tani. Linarudi kwa gramu, mu kisanduku sawa pakiti ya sigara, na kijana anataka kuweka maisha yake mu shimo juu ya kulinunua. Kati ya kutoka na kurudi, kilichoongezwa ni nini? Ni maarifa ya mutu aliyekaa na fero ya kusude. Na yale maarifa, muzee wetu iko nayo, bila kazi, chini ya muembe.

Wenzetu walifanya

Mutu atasema: wazee wetu hawakukuwa na pedali. Ni kweli. Mwenda Jean Bosco, mutoto wa Bunkeya, Hugh Tracey alimurekodi hapa hapa Likasi mu 1952, wakati muji ulikuwa unaitwa Jadotville. Gitare kavu na vidole, basi, na dunia ikasikiliza. Kisanduku hakifundishe vidole. Asiyejua kupiga, pedali itapaza tu makosa yake.

Lakini angalia ngambo ya mupaka, ku Copperbelt ya Zambia, kwa watu wa shaba sawa sisi. Mu miaka ya 1970 vijana wa Kitwe na miji mingine walipiga miziki inayoitwa leo Zamrock: WITCH, Amanaz, Paul Ngozi. Pedali ya kukwaruza, ile wanaita fuzi, walikuwa nayo mu kila wimbo sawa chumvi mu sombe. Kisha bei ya shaba ikaanguka, inchi ikafungwa mikono, na ile miziki ikazimika. Mwimbaji wa WITCH, Emmanuel Chanda, wanayemuita Jagari, aliingia mu kuchimba mawe ya bei. Miaka mingi kisha, watu wakatafuta tena zile sahani, na yeye akarudi kuimba mu Ulaya na Marekani.

Na kule Kinshasa, muzee Mawangu Mingiedi wa Konono No. 1 alitengeneza mikro za likembe zake na sumaku za motokari za zamani. Zilikwaruza. Hakuona haya juu ya ile mikwaruzo, aliifanya kuwa sauti yake, na dunia ikamujua mu 2004 kwa sahani ya Congotronics.

Kujitengenezea

Kwa anayeanza, usianze na faza. Anza na fuzi. Ile ya Fuzz Face, iliyotoka Uingereza mu 1966, ndani yake kuko vitu hivi tu: transista 2, rezistansi 4, kondensata 3, na butoni 2 za kugeuza. Transista ya germanium sawa AC128 inapatikana mu radiyo za zamani, zile Philips za wa tata zetu. Njo maana tunawaomba: radiyo iliyokufa musiitupe na musiiuzie watu wa byuma. Mupatie fundi aifungue kwanza. Batiri ni moja ya volti 9. Kwa zile transista za AC128, upande wa + wa batiri ndio unaenda ku masi. Wengi wanageuza hapo, wanasema transista imekufa, kumbe iko muzima.

Sanduku iwe ya chuma. Kopo la maziwa ya unga linatosha, kwa sababu chuma kinafungia nje ile milio ya kuranti ya nyumba. Plastiki itakuletea nzige mu ampli.

Ukimaliza fuzi na ikaimba, basi ujaribu faza ya taa: taa ndogo moja, vipande vine vya kusikia mwangaza, vyote mu tube nyeusi isiyoingiza jua. Hiyo inaomba uvumilivu. Ya kwanza ya kijana wetu ililia sawa mbu juma nzima, mupaka muzee alipoona masi moja haijafika ku sanduku.

Sasa, sisi wa sendika hatuwezi kuacha bila kusema mambo ya usalama. Moja: batiri tu. Usiingize pedali yako ya mukono moja kwa moja mu kuranti ya ukuta, hata siku moja. Mbili: moshi wa kusude usiuvute, fungua dirisha, na unawe mikono mbele ya kula bukari, kwa sababu mule muko risasi. Watoto wadogo wakae mbali. Tatu, na hii tunaisema kwa sauti: waya hautafutwi ku poto ya kuranti. Kable inayokatwa usiku inaacha kampe nzima mu giza, na tumeisha kuzika vijana juu ya kable. Waya wa pedali unaenea mu mukono mumoja; unapatikana mu radiyo ileile.

Hii ni kazi ya sendika?

Wenzetu wamoja wametuuliza: mushahara unachelewa, dawa hakuna, na ninyi munahangaika na gitare? Swali ni la haki. Mushahara tunaendelea kuudai, na hatutaacha. Lakini kila mwaka tunazika mafundi, na pamoja nao tunazika yale waliyojua: kusoma plani, kupima kuranti, kusikia motere inagonjwa mbele ifie. Mutoto hawezi kukaa na muzee kusikiliza hadisi ya motere ya usine ambayo hajawahi kuiona. Lakini mu pedali yake, anakaa. Anayejua kutafuta kamba iliyokatika mu kisanduku kidogo, kesho ataitafuta mu pompe, mu soudeuse, mu panneau ya jua.

Hatuseme kama pedali zitajaza chungu. Kijana wetu ameuza mbili tu, moja kwa korali ya kanisa, moja kwa deni ambalo bado halijalipwa. Lakini kuchimba hakuenda. Mangaribi unamukuta chini ya muembe, fero mukononi, muzee anamukaripia: "Ngoja ipoe, wewe!" Mama yake anapita na ndoo ya maji, anajifanya hawaone.

Kama uko na radiyo ya zamani nyumbani, ulete. Kama uko fundi wa pansio, njoo na turnevisi yako. Kiti kiko.