Kapteri ya joto la bwati otomatiki: uifunge wapi?

Wenzangu, wengi wetu tukimaliza chuo tunachangishana, tunanunua gari ya okazyo iliyotoka Japani, Noah ama RAV4, tunaanza kubeba bidhaa. Gari hizo zina bwati otomatiki, lakini mara nyingi tablo inaonyesha joto la maji ya motere tu. Mafuta ya bwati yanaweza kuchemka na hauoni kitu. Njo maana watu wanafungisha saa ya ziada. Saa hiyo itakusaidia ao itakudanganya kufuatana na pahali kapteri yake imefungwa.

Ya kwetu ilitudanganya. Tulikuwa tunatoa mchele na nyanya kwenye uwanda wa Ruzizi kupeleka Bukavu. Kupanda Ngomo toka Kamanyola, saa ilikuwa inaandika 80, haipiti 85. Tulifurahi sana. Kisha siku moja mafuta tukayakuta meusi, yananuka kuungua, na gia zinateleza. Akiba yote ya kikundi ilienda kwa bwati nyingine. Kumbe mekanisiye alifunga kapteri kwenye tiyo ya kurudi, ju tu ni rahisi kuifikia.

Joto kubwa linazaliwa ndani ya konvertisere, ile sehemu inayopitisha nguvu ya motere kwenda kwa bwati kwa njia ya mafuta. Gari ikipanda pole pole na mzigo, konvertisere inateleza, inachapa mafuta, yanapata moto. Yanatoka kwa tiyo moja kwenda kupozwa kwenye radiatere, yanarudi kwa tiyo ya pili, kisha yanashuka chini kwenye karteri. Pompi inayavuta tena kutoka pale.

Kwa hiyo tiyo ya kurudi inakuambia radiatere inafanya kazi gani, basi. Mafuta yamekwisha kupozwa! Ni sawa na kupima joto la lundo la mboji kwa kuchomeka kipimajoto pembeni: utasoma 30, wakati katikati kuna 60. Sisi waagronomi tulipaswa kulijua hilo mbele ya mekanisiye.

Tiyo ya kutoka, yeye ni mwepesi wa kulia. Kwenye mlima inaweza kuruka 120 na zaidi, ukifika tambarare inashuka haraka. Ni nzuri kwa mtu mwenye kuzoea, lakini dereva mgeni ataogopa bure, kisha atazoea kutoijali. Tena mafuta yakiacha kupita mle, kapteri inapoa, unafikiri mambo ni salama.

Kama una saa moja tu, mimi nasema karteri. Pale unasoma mafuta yaliyochanganyika, yale yanayokwenda kulainisha bwati yote. Kwa kawaida ni 80 mpaka 95. Yakipita 110 na kubaki pale, simama. Mafundi wana hesabu yao: kila digrii kama 10 juu ya 80, maisha ya mafuta yanakatwa nusu.

Kazi yenyewe: shusha karteri kwanza, usitoboe ikiwa juu ya gari, vyuma vitaingia ndani. Chagua ubavu, chini ya kimo cha mafuta, mbali na tiyo ya moshi, na uhakikishe ncha haitagusa filtre. Ekru ichomelewe, kisha ujaze maji ujaribu kama inavuja, uikaushe vizuri mbele ya kurudisha. Wengine wanafunga kapteri pahali pa bulo ya kumwagia mafuta. Ni rahisi, lakini kwa barabara zetu jiwe la kwanza litaikata.

Sasa ya kwetu iko ubavuni. Safari ya kwanza kwenye Ngomo iliandika 112. Tulisimama, tukaweka gia kwenye N, motere ikiendelea kuzunguka ili mafuta yapite kwenye radiatere. Dakika kumi na tano hivi, ikashuka 95, tukaendelea. Tangu siku ile tumepunguza magunia mawili.