Kusamehe Si Kusema Hakukuwa na Kosa



Mara nyingi tukitembelea vikundi na kuuliza habari za ugomvi wa zamani, tunajibiwa haraka haraka: "Hayo yaliisha, tulisameheana." Kisha tunaangalia namna watu walivyoketi. Mmoja yuko karibu na mlango, mwenzake yuko kona ile nyingine, na chai ikija hawapokezani hata kikombe. Ndiyo maana tumeonelea tulizungumzie neno hili "kusamehe". Linatumiwa vibaya, na anayeumia zaidi ni yule yule aliyekosewa.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba ukisamehe ni lazima usahau. Sivyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, inapoeleza sala ya Baba Yetu, inasema katika namba 2843 kwamba hatuna uwezo wa kuacha kuhisi uchungu wa kosa wala wa kulisahau. Tunachoweza ni kumtolea Roho Mtakatifu moyo ulioumia, ili pole pole uchungu ule ugeuke kuwa sala kwa ajili ya yule aliyetukosea. Basi mjane ambaye bado analia miaka mitatu baada ya shemeji kumnyang'anya shamba, msimwambie ana dhambi ya kutosamehe. Ana kidonda. Na kidonda huoshwa kwanza, hakifungwi kitambaa kikiwa na usaha.

Hebu someni habari ya Yosefu katika Kitabu cha Mwanzo, kuanzia sura ya 42. Ndugu zake walimuuza, na baada ya miaka mingi njaa ikawaleta Misri kwake kutafuta chakula. Aliwatambua, lakini je, aliwakumbatia siku hiyo? Hapana. Alijificha akalia. Alimweka Simeoni kifungoni. Aliwajaribu kwa habari ya Benyamini, mdogo wao. Ni mpaka Yuda alipojitoa abaki mtumwa badala ya mtoto ndipo Yosefu aliposhindwa kujizuia, akajitambulisha. Aliona kwamba watu waliomuuza ndugu mmoja sasa wako tayari kufa na mwingine. Na hata hivyo, baba yao alipofariki, ndugu wale walianza kuogopa tena (Mwanzo 50:15). Mambo ya moyo huchukua muda, hata kwa watakatifu.

Jambo la pili: kusamehe na haki havigombani. Tarehe 13 Mei 1981, Papa Yohane Paulo wa Pili alipigwa risasi katika uwanja wa Mtakatifu Petro. Akiwa bado hospitalini alitangaza kwamba amemsamehe aliyempiga, na tarehe 27 Desemba 1983 alimtembelea gerezani Roma, wakaketi wawili wakaongea kwa sauti ya chini. Lakini Baba Mtakatifu alipotoka, mlango wa jela ulifungwa tena. Mehmet Ali Ağca alibaki ndani mpaka mwaka 2000, Rais wa Italia alipomwachilia, na hata hapo alipelekwa kwao Uturuki ambako alikuwa na kesi nyingine ya mauaji.

Tunasema haya kwa sababu kuna wazee, na hata viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, ambao mtoto akinajisiwa wanakimbilia kusema "tusameheane tumalizie nyumbani." Hapo hatuna maneno ya kulainisha. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006, kesi hiyo haimalizwi kwa mbuzi wala kwa pesa. Mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, bila kuogeshwa na bila kufua nguo zake, na polisi waambiwe. Vivyo hivyo mama anayepigwa nyumbani anaweza kumsamehe mumewe akiwa kwa dada yake, mahali salama. Hakuna Injili inayomtaka arudi kusubiri kipigo kingine.

Vurugu za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilitufundisha haya kwa njia ngumu. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu wakahama makwao. Mwezi wa Mei 2008 serikali ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani, na watu wakaambiwa warudi mashambani waishi na majirani. Kurudi mwili ni kitu kimoja. Lakini mtu anayeona mabati yake juu ya nyumba ya jirani, na hakuna anayeyataja, huyo utamwambiaje "kubali yaishe"? Palipo na nafasi ya kusema, "Ndiyo, ni yako, tulichukua," hapo mazungumzo yanaweza kuanza.

Sasa turudi kwenye mambo ya kila wiki. Tuseme mweka hazina amekula pesa za mchango wa zamu. Bwana Yesu ametupa utaratibu katika Mathayo 18:15-17, nao ni mzuri kuliko katiba nyingi za vikundi tulizosoma. Kwanza nenda kwake, wewe na yeye tu. Akikataa, chukua mmoja au wawili. Akikataa bado, ndipo jambo lije mbele ya wote. Sisi tunapenda kuanza na hatua ya mwisho, tena kisimani, na mwenyewe hayupo!

Akikubali kosa, alipe. Zakayo hakuishia kusema pole, aliahidi kurudisha mara nne (Luka 19:8). Hata katika Sakramenti ya Kitubio, padre akikuondolea dhambi ya kuiba kuku, kuku bado ni wa jirani, lazima arudi. Kikundi kinaweza kumpa miezi, au kupunguza deni akiwa na shida ya kweli, lakini kiandikwe kiasi na tarehe katika kitabu cha mkutano.

Na wale walioumia? Wasikilizwe. Mtafutieni mtu mmoja mwenye kifua, asiyepeleka maneno, akae naye bila haraka. Asimkatize kwa mistari ya Biblia. Aulize tu, "Ilikuwaje?" na "Ni nini kinakuuma zaidi?" Mkiona mtu halali usiku kwa wiki kadhaa, hali chakula, kichwa na tumbo vinamsumbua bila kupona, au anasema afadhali afe, msimwachie maombi peke yake. Mpelekeni hospitali, mmoja wenu aende naye.

Kuhusu sanduku la pesa, tunashauri kufuli tatu na funguo tatu kwa watu watatu wasio wa nyumba moja. Aliyekosa na kulipa arudi kuketi na wenzake, anywe chai, apokee zamu yake. Kama siku moja atapewa tena ufunguo, hiyo ni kura ya kikundi, na anayesita kumpigia asiitwe mtu asiyesamehe.