Kujilinda Nafsi: Mafunzo Gani Yafaa?

Kila mzazi aliye na binti arudiye kutoka shuleni jioni, na kila mkulima atokaye mnadani akiwa na fedha za ng'ombe mfukoni, amewahi kujiuliza: Mtu akitokea kichakani na kunikamata, nitafanya nini? Wengine hulijibu swali hilo kwa kununua rungu. Wengine huwapeleka watoto wao kwa mwalimu wa karate, wakaungoja mkanda mweusi. Na wengine husema kwamba hayo ni majaliwa, wakayaacha hapo.

Lakini jambo hili limekwisha kuchunguzwa kwa subira: kwanza na askari polisi waliokuwa wakikutana na majambazi mara kwa mara, na katika miaka ya karibuni na mabingwa wa vyuo vikuu, hata hapa kwetu Nairobi. Wote wameelekea kwenye jibu moja. Mafunzo yenye kumwokoa mtu ni machache, ni mepesi, na huanza kabla mkono haujanyanyuliwa. Msichana wa miaka 14 aweza kuyapata, na nyanya yake pia.

POLISI WA SHANGHAI

Mwaka 1907 kijana mmoja Mwingereza, William Ewart Fairbairn, aliyekuwa amewahi kuwa askari wa majini, alijiunga na polisi wa Shanghai, Uchina. Sehemu ya mji huo wakati ule ilikuwa chini ya baraza la wageni, na katika polisi wake walikuwamo Wachina, Waingereza na Masingasinga kutoka Bara Hindi. Bandari ilikuwa tajiri, na wanyang'anyi wa bastola na watekaji wa watu walikuwa tele. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1942 pamoja na mwenzake Eric Sykes, Fairbairn alieleza kwamba katika muda wa miaka 12 hivi polisi hao walipambana na wahalifu wenye silaha mara 666.

Bwana huyu alijifunza jujutsu ya Kijapani hukohuko Shanghai, akapata na mkanda mweusi wa judo kutoka chuo cha Kodokan cha Tokyo. Kitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1926, kilikuwa na mbinu nyingi. Lakini alipokuja kuwafundisha makomando wa Uingereza katika Vita Kuu ya Pili, alitilia mkazo mapigo machache tu: kupiga kwa ukingo wa kiganja, kusukuma kidevu cha adui kwa sehemu ngumu ya kiganja iliyo karibu na kifundo cha mkono, kupiga kwa goti, na kukanyaga muundi wa mguu kwa kiatu. Ngumi hakuipenda sana, na sababu yake ni wazi kwa mtu yeyote aliyewahi kuvunjika vidole kwa kumpiga mwenziwe kichwani.

Jambo la pili alilolifanya lilikuwa kuwazoeza askari wake kushtushwa. Wakati wa kujifunza bastola, askari aliingizwa ndani ya nyumba ya mazoezi yenye mwanga hafifu, asijue ni kitu gani kitakachomtokea wala kitatokea upande gani. Mtu aliyezoea kulenga shabaha akiwa ametulia uwanjani hujua kulenga shabaha. Hajui bado kupambana na mtu.

Mwaka huohuo wa 1942 Fairbairn alitoa pia kitabu kidogo cha kuwafundisha wanawake kujilinda. Kwa hiyo hata yeye, mwalimu wa makomando, hakuona kwamba elimu hii ni mali ya wanaume wenye vifua vipana.

MWILI WAKATI WA HOFU

Yafaa tuelewe kwa nini mapigo machache hushinda mengi. Mtu akishambuliwa ghafula, moyo humwenda mbio, vidole hutetemeka, na macho huona kile kilicho mbele tu, kama mtu achunguliaye ndani ya mwanzi. Mbinu yenye hatua saba, inayotaka ukamate kidole fulani na kukizungusha upande fulani, hupotea kichwani saa ileile. Lakini pigo moja zito lililorudiwa mara nyingi katika mazoezi hubaki.

Tena wako wanaoduwaa kabisa, wasiweze kukimbia wala kupiga kelele. Hiyo ni tabia ya mwili, nayo huonekana hata kwa wanyama. Mtu asimwambie binti aliyepatwa na jambo hilo, "Mbona hukupiga kelele?" Kuduwaa si kukubali, wala si woga wa kuonewa aibu. Mwenye hatia ni yule aliyeshambulia, basi. Mazoezi mema hupunguza kuduwaa kwa sababu mwili huwa umekwisha kukutana na mshtuko wa namna ile mahali pa salama.

KIKULACHO KI NGUONI MWAKO

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Tunapowaonya mabinti zetu, twawaonya juu ya mgeni wa gizani. Lakini uchunguzi wa nchi nyingi umeonyesha kwamba aghalabu mwanamke hubakwa na mtu amjuaye: rafiki, jirani, ndugu, mwalimu, au mchumba. Binti aweza kuwa hodari wa kumpiga teke mwizi, lakini akashindwa kumwambia "Hapana" mtu ambaye amefundishwa tangu utotoni kumwamkia kwa heshima.

Huko Kanada, Profesa Charlene Senn na wenzake walilishughulikia jambo hilo hasa. Waliwachukua wanafunzi wanawake 893 wa vyuo vikuu vitatu, wakawagawa kwa bahati nasibu katika mafungu mawili. Fungu moja lilipewa vijitabu vya kusoma. Fungu la pili lilifundishwa kwa muda wa jumla ya saa 12: kutambua dalili za hatari kwa mtu wanayemjua, kuishinda haya na wasiwasi unaomzuia mtu kukataa, kisha kusema kwa nguvu na kupiga ikibidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa wamebakwa katika fungu la vijitabu walikuwa asilimia 9.8, katika fungu lililofundishwa walikuwa asilimia 5.2. Karibu nusu ya balaa iliondolewa kwa muda wa saa 12.

Kwetu nako, katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, wasichana wa shule za sekondari walifundishwa mambo ya namna hiyo, nao pia kwa saa 12, katika mikutano sita ya saa mbilimbili, pamoja na mikutano mifupi ya kukumbushana baadaye. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulieleza habari za wasichana 522. Kabla ya mafunzo, asilimia 24.6 ya wale waliochaguliwa kufundishwa walisema walikuwa wamebakwa katika mwaka uliopita; baada ya mafunzo idadi ilishuka ikawa asilimia 9.2. Katika fungu ambalo halikupewa mafunzo hayo hapakuwa na badiliko kubwa. Zaidi ya nusu ya wasichana waliofundishwa walisema kwamba katika mwaka uliofuata walikuwa wameyatumia waliyojifunza kumzuia mtu aliyetaka kuwabaka.

Ni haki kumwambia msomaji kwamba hesabu hizo zatokana na maneno ya wasichana wenyewe, na kwamba uchunguzi ule wa Nairobi haukufanywa kwa bahati nasibu kama ule wa Kanada; kwa hiyo zichukuliwe kwa uangalifu. Hata hivyo zaelekea upande mmoja. Wavulana pia walifundishwa katika mitaa hiyo, wajifunze kuwaheshimu wasichana na kuingia kati wamwonapo mwenzao akitaka kutenda uovu. Jambo hilo ni la busara, kwa maana mwizi hazuiliwi kwa kufuli pekee.

Wala vijana si wao peke yao. Katika Korogocho, akina nyanya wa kikundi cha Shosho Jikinge walijifunza kupaza sauti, kusukuma pua ya mshambulizi kwa kiganja, na kumpiga sehemu za siri. Baadhi yao walikuwa wamepita miaka 70.

MPANGO WENYEWE

Tukiyakusanya yote hayo, twapata hatua nne ambazo kila mtu aweza kuzikumbuka.

Kwanza macho. Mtu atembeaye akitazama simu ni mawindo mepesi. Karani apokeaye mshahara na mkulima auzaye ng'ombe wasizihesabu fedha mbele za watu. Njia ya benki au ya simu ni salama kuliko mfuko. Na binti afundishwe kuziheshimu dalili ndogo: mtu anayemtenga na wenzake, anayemlazimisha kunywa, anayecheka anapoambiwa aache.

Pili miguu. Kuondoka mapema ni ushindi kamili. Wazee walisema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mnyang'anyi akitaka simu au fedha, apewe. Vitu hivyo hununuliwa tena. Na akiwa na kisu au panga, hakuna mbinu iliyo salama. Kimbia ukiweza, usipoweza, weka kitu kati yako naye, meza, kiti au baiskeli, na upige kelele.

Tatu sauti. "Hapana! Niache!" yasemwe kutoka tumboni, mwili ukiwa umesimama imara na mikono imeinuliwa mbele. Sauti huwaita majirani, humwonyesha mshambulizi kwamba hakupata mtu wa kunyamaza, na humwondolea duwaa yule mwenye kuitoa. Hii yahitaji mazoezi kama pigo lolote, hasa kwa mabinti waliolelewa kusema polepole.

Nne mkono, goti na mguu, wakati njia nyingine zimefungwa. Pigo liende machoni, puani, shingoni, kwenye sehemu za siri, au kwenye muundi wa mguu. Lirudiwe bila kusita mpaka mlango wa kutokea upatikane, kisha mtu akimbie. Aliyefundishwa vema habaki pale kutazama kama ameshinda.

SHERIA YASEMAJE

Kifungu cha 17 cha Kanuni za Adhabu za Kenya chasema kwamba mtu atumiaye nguvu kujilinda au kulinda mali atahukumiwa kwa kufuata misingi ya sheria ya mapokeo ya Uingereza. Msingi mkubwa ni kwamba nguvu iwe ile iliyohitajiwa na hatari yenyewe. Katika shauri la Palmer lililotoka Jamaika, Baraza la Rufani la Malkia huko London liliamua mwaka 1971 kwamba mtu aliyeshambuliwa hawezi kupima kwa mizani kamili kiasi cha nguvu anachotumia, na mahakama yapaswa kulikumbuka hilo. Lakini hatari ikiisha, haki ya kupiga nayo imekwisha. Kumfuata mtu anayekimbia ili kulipiza kisasi, au kumpiga mwizi aliyekwisha kukamatwa mpaka afe, hakuitwi kujilinda. Huko ni kuua, na aliyerusha jiwe la kwanza na aliyerusha la mwisho wote waweza kusimama kizimbani.

Na ikiwa balaa limekwisha kutokea, mtu aliyebakwa aende hospitali mapema, asingoje kupita saa 72, kwa maana dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi haifai baada ya muda huo. Asioge wala asifue nguo zile kabla ya kuonwa na daktari. Habari ya mtoto aliyetendewa uovu yaweza kutolewa kwa simu nambari 116 bila malipo.

MASWALI MATATU KWA MWALIMU

Walimu wa kujilinda ni wengi, na wengine huuza maneno. Mzazi asiye na ujuzi wa mambo haya aweza kumpima mwalimu kwa maswali matatu. Je, utawafundisha watoto wetu habari za hatari itokayo kwa mtu wanayemjua, au za mgeni tu? Je, watajifunza mapigo machache na kuyarudia kwa kushtushwa, huku mtu aliyevaa kinga akiwakamata kweli, au watapiga hewa wakiwa wamepanga mistari? Na je, utawafundisha kukimbia na kusema, au kupigana tu? Mwalimu akikasirishwa na maswali hayo, atafutwe mwingine.

Chumba cha shule hakikosekani siku ya Jumamosi, na mikutano sita ya saa mbilimbili hutimia katika nusu ya muhula mmoja. Katika mkutano ujao wa wazazi, baada ya kuzungumza habari za karo na madawati, mtu mmoja na asimame aliulizie jambo hili. Mabinti waketio katika madawati hayo watarudi nyumbani jioni kwa njia ileile.