Kingojeo cha Moyo

Mwanafunzi wa uuguzi ameandika akiuliza. Katika maabara ya fiziolojia alibandikwa vibandiko vitatu, viwili kwenye vifundo vya mikono na kimoja kwenye kifundo cha mguu, na moyo wake ukajichora kwenye skrini ya kompyuta: kilima kidogo, mstari bapa, kisha ncha ndefu iliyochomoza. Mbona pale katikati moyo unanyamaza?

Mwanzoni mwa karne ya 20, Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, aliupata mchoro huo kwa mtambo wa kilo 270 hivi, mgonjwa ametumbukiza mikono na mguu katika maji ya chumvi. Leo kisanduku cha mezani kinatosha.

Kilima ni umeme unaoenea katika atria, vyumba viwili vya juu. Ili ushuke kwenye ventrikali, vyumba viwili vya chini, una mlango mmoja tu, fundo dogo la seli ambalo Sunao Tawara alilieleza mwaka 1906 akiwa Marburg, Ujerumani. Humo, umeme uliokuwa ukikimbia huanza kutambaa, sentimita 5 hivi kwa sekunde. Ukishatoka, hufyatuka tena kwa kasi ya mita 2 hadi 4.

Ni daladala ya Mbagala asubuhi. Abiria wanasukumana mlangoni, dereva mguu uko kwenye mafuta, lakini konda hajagonga bodi. Anamsubiri hata yule mama mwenye ndoo ya samaki apandishe mguu wa pili. Akigonga mapema, gari litaondoka na nafasi tupu huku watu wamebaki kituoni. Akizubaa, gari la nyuma litampita. Damu ndiyo abiria, ventrikali ndiyo gari, na konda ni lile fundo, linalongoja sehemu ya kumi ya sekunde. (Damu nyingi huwa imekwisha kupanda yenyewe, atria huwasukuma wale wa mwisho.)

Vitabu huliita nodi, vingine kifundo. Kifundo ni neno zuri, ila hutaja umbo na kuiacha kazi, tena mwanafunzi wetu amekwisha kubandikwa vifundoni! Kingojeo ni bora: mahali pa kungojea. Kimya alichokiona ndicho kingojeo kikiwa kazini, kwa seli chache mno kusikika hadi kwenye ngozi.

Naye anaweza kukipima. Mchoro ukipita milimita 25 kwa sekunde, kila mraba wa milimita 1 ni sekunde 0.04. Kutoka mwanzo wa kilima hadi mwanzo wa ncha, mtu mzima mwenye afya hupata miraba 3 hadi 5. Yeye amehesabu minne.