Msitu wa Muhugu Mlangoni pa Nairobi

Watu wengi wa Nairobi hudhani ya kuwa mtu atakaye kuona msitu hana budi kufunga safari mpaka Kakamega. Ni kweli kwamba msitu wa mvua wa namna ya ile ya Kongo, katika Kenya nzima, umesalia huko tu, nao wastahili safari. Lakini karani au fundi aliye na alasiri moja tu ya Jumamosi anao msitu karibu. Na apande gari namba 111 mjini, lifuatalo Barabara ya Ngong kuelekea magharibi, ashuke penye uwanja wa mbio za farasi uliofunguliwa mwaka 1954. Msitu unapakana na uwanja huo.

Huu ni msitu wa nchi ya juu iliyo kavu kidogo, kwa hiyo una miti yake yenyewe. Ulipotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932 ulikuwa na hekta zaidi ya 2,900. Leo zilizosalia hazifiki 1,300. Ulimegwa kipande kwa kipande, hiki kwa nyumba, hiki kwa shule, na kila kipande kikitazamwa peke yake kilionekana kidogo. Baadaye Barabara ya Southern Bypass ikaupasua.

Yafaa kutembea pamoja na askari wa msitu. Zamani wenyeji waliuogopa kwa ajili ya wanyang'anyi, wala hawakuwa wajinga. Atembeaye kimya ataona kima wakirukaruka juu ya migumo, na jioni huenda akamwona mbawala akitoka kichakani. Wakati mwingine kima hunyamaza ghafula, kisha mmoja hupiga ukelele mkali. Hapo mgeni na atazame juu, kwa maana huenda amepita tai mwenye kishungi, ndege mwenye nguvu za kumbeba kima.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, fahari ya msitu huu si mnyama bali ni mti wa muhugu. Ubao wake ni mzito, wa rangi ya manjano iliyoiva, wenye harufu tamu, na mchwa hauwezi. Watu wa kale waliufanya nguzo za boma. Wazungu wakaupasua kuwa mbao za sakafu na kuzipeleka ng'ambo. Tena kuna Wakamba. Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza uchongaji Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akarudi nao kwao, na kazi hiyo ikaenea hata ikalisha jamaa nyingi mno. Twiga na vifaru waliopangwa katika maduka ya City Market, Mtaa wa Muindi Mbingu, wengi wao kwa miaka mingi walitoka katika mti huu.

Shida ni kwamba muhugu haukui kwa haraka ya biashara. Huchukua yapata miaka 100 kupata unene umfaao mchongaji, naye huumaliza kwa siku chache. Kumlaumu mchongaji ni rahisi kwa mtu alipwaye mshahara kila mwisho wa mwezi. Yeye ana watoto wa kulisha leo. Lililo la maana zaidi ni kwamba wachongaji wengine wamekwisha kugeukia mwarobaini, mwembe na jakaranda, miti ikuayo upesi. Wako wanunuzi wasemao vinyago hivyo ni vyepesi mkononi. Ni kweli, lakini twiga wa mwarobaini aliyechongwa vema hapungui shingo.

Mgeni afikapo msituni na amwombe askari amwonyeshe muhugu. Shina lake ni la kijivu, mara nyingi limepindapinda. Jani juu ni la kijani iliyokoza. Aligeuze, aone chini lilivyo jeupe kama lililonyunyiziwa majivu.